Jirani Batoul na Muhuri wa Daktari

Tétouan, 12 Januari

Mwanangu Munsif,

Salamu zangu zikukute hapo Casablanca umeshakula, maana nakujua, ukiwa na njaa huelewi unachosoma. Mimi mzima. Paa linavuja palepale linapovuja kila mwaka, paka wa jirani kazaa ndani ya kikapu changu cha nyuzi, na baridi ya mwaka huu haina adabu. Leo imetimia miezi kumi na minne tangu Abdeslam wangu atutoke, Mungu amrehemu. Nimemsomea Yasini, nimekula, nimelala mchana. Ndiyo hivyo.

Kifurushi nimempa Larbi, dereva wa basi la asubuhi, kapita kukichukua mlangoni. Kuna ndimu za chumvi chupa mbili, zaituni nyeusi, na vibiskuti vya lozi arobaini. Vihesabu, Larbi ana mkono mrefu.

Humo ndani utaikuta na barua yako ya mwezi uliopita. Nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu, umepata tano juu ya kumi. Miaka thelathini na minne nimefundisha watoto wa darasa la kwanza kuandika, halafu wa kwangu mwenyewe anaandika kama aliyebanwa vidole na mlango! Na hizo herufi bado unazivuta mikia kushoto mpaka inaingia kwenye neno la jirani. Nilikukataza ukiwa na miaka saba, nakukataza tena leo.

Habari ya harusi imenifurahisha, wallahi nimelia na kucheka pamoja. Tarehe ishirini Juni ni tarehe nzuri. Kuhusu mimi kuja, tutaona. Goti la kulia linanisumbua.

Sasa nina swali, na si langu. Kuna jirani yangu anaitwa Batoul, mjane wa mwalimu kama mimi, na kwa bahati ana bima ileile niliyoachiwa na Abdeslam, ya kampuni yenu. Amesikia siku hizi kuna madaktari wa maongezi, mnaonana kwenye simu, kila mtu nyumbani kwake. Sio wa vidonge, wa maneno matupu. Bei ni dirham mia tatu kwa dakika arobaini na tano, na naambiwa nusu ya dakika hizo ni "unanisikia, unanisikia?" Batoul anauliza, je, bima inalipia maneno?

Usinipigie simu kunijibu. Kwenye simu unanikatiza sentensi, na bando langu nalibana kwa ajili ya Batoul, maana yeye hana simu ya maana. Na usimwambie mtu. Batoul ana haya.

Shangazi yako,
Zhor


Casablanca, 25 Januari

Shangazi,

Nabusu mikono yako yote miwili, na goti la kulia pia. Vibiskuti vimefika thelathini na vinne. Larbi ameapa kwamba ni mtikisiko wa barabara. Nimemuuliza mtikisiko gani unaacha makombo kwenye masharubu, akaniambia nimsalimie bosi wangu.

Huku salama. Wiam anakusalimu. Mama yake anataka bibi harusi aingizwe ukumbini amebebwa juu kwenye kiti na wanaume sita, na dari la ukumbi liko chini, mimi mwenyewe nikinyoosha mkono naligusa. Wiam kasema ataingia kwa miguu yake kama alivyoingia chuo kikuu. Tangu Jumapili hawaongei, wananitumia mimi kupelekeana chumvi mezani.

Sasa mambo ya Batoul. Ndiyo, bima inalipia maneno, lakini maneno yenyewe lazima yawe na karatasi. Kwanza awe na barua ya daktari wa kawaida inayosema anahitaji tiba hiyo. Pili, vikao visizidi kumi kwa mwaka. Tatu, kila kikao kiwe na fomu yake, imejazwa, ina sahihi na muhuri wa mtaalamu, na muhuri uwe wa wino halisi, sio picha ya muhuri. Fomu itufikie ndani ya miezi mitatu. Akitimiza hayo, katika kila dirham mia anarudishiwa sabini, thelathini ni zake.

Shangazi, lakini huyu Batoul ni nani? Mtaa huo nimekulia mimi. Nawajua watu wake, nawajua mbuzi wake, najua nani alimwaga maji machafu kwa nani mwaka gani. Batoul simjui.

Na kuhusu harusi usiniambie "tutaona". Mama alipofariki nilikuwa na miaka sita, na asubuhi ya mazishi ni wewe uliyenifunga kamba za viatu, kwa sababu nyumba nzima walikuwa wanalia na hakuna aliyeona kwamba mtoto yuko pekupeku. Siku ya harusi yangu sitaki mtu mwingine anishike mkono kuniingiza ukumbini. Goti tutalitafutia kiti.

Mwanao,
Munsif


Tétouan, 11 Februari

Munsif wangu,

Nakuombea heri wewe na Wiam, na mwambie mama mkwe wako kwamba aliyebebwa juu huanguka kutoka juu. Paka wanne wamefumbua macho. Mmoja ana tabia za mama mkwe wako, analia akitaka na analia akipewa. Barua yako imepata sita. Maelezo ya bima yameeleweka, hapo nimekupa sifa. Mikia, mwanangu, mikia!

Batoul kahamia juzijuzi, ndiyo maana humjui. Nyumba ya mwisho kule. Usiulize sana.

Barua ya daktari ameshapata, daktari wa mtaa alikuja kumpima sukari akamwandikia hapohapo. Na kikao cha kwanza kimefanyika Jumanne. Nami nilikuwepo kwa sababu simu ni yangu. Mtaalamu anaitwa Daktari Ghizlane, yuko Rabat, msichana mzuri lakini kakonda, mashavu yamebonyea. Batoul kamtandikia kitambaa kizuri, simu kaiegemeza kwenye bakuli la sukari, kamimina bilauri mbili za chai.

Daktari akauliza, "Mama, unajisikiaje leo?"

Batoul akamjibu, "Wewe kwanza kunywa chai."

"Lakini mama, chai iko kwako."

"Ndiyo maana nakwambia kunywa, inapoa. Na hicho kibiskuti chukua, hujala wewe, naona."

"Mama, mimi niko Rabat."

"Nani kakuuliza uko wapi? Mgeni ni mgeni."

Basi dakika kumi na tano zikaishia hapo. Mwisho Batoul kanywa bilauri zote mbili, chakula cha mgeni hakimwagwi. Halafu akamuuliza kama ameolewa. Daktari akasema hapo wanaongelea mambo ya Batoul, sio yake. Batoul akasema, mbona unaanza ugomvi, mimi nakuuliza kwa wema. Daktari akacheka mpaka akavua miwani.

Tatizo la Batoul, kama unataka kujua, ni kwamba hatoki. Anafika mlangoni, anavaa jilaba yake, anashika kikapu, na miguu inakataa. Ni zaidi ya mwaka sasa. Vitu vyote anatuma watu. Daktari kampa kazi ya nyumbani, kila siku aende mlango mmoja mbele, arudi. Leo mlango wa pili, kesho wa tatu. Batoul kasema hiyo kazi ya watoto wa darasa la kwanza, na daktari kamwambia ndiyo hasa.

Lakini muhuri, Munsif! Fomu iko Tétouan na muhuri uko Rabat. Hawa watu waliotunga sheria yenu wamewahi kuona simu?

Shangazi yako,
Zhor


Casablanca, 3 Machi

Shangazi,

Ramadhani njema, Mungu aipokee funga yako. Huku tunafuturu kwa mama mkwe kila siku. Anapika vizuri lakini anakuangalia ukimeza. Wiam na mama yake wamepatana, sasa wamenigeukia mimi, eti viatu vyangu vya harusi ni vya mhasibu.

Nimekusoma mara tatu. Sikuandika mapema kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kuandika, na sijaipata, basi nauliza tu. Batoul alimtilia daktari chai ya nini? Hukusema. Wewe huwezi kuandika neno chai bila kutaja mnanaa. Wewe ndiye uliyemfukuza mjumbe wa posa ya yule mwanafunzi wako Soukaina, kwa sababu alisifia chai bila mnanaa. Kwenye vifurushi vyako pia, miaka yote niliyoishi huku, fungu la mnanaa mkavu halikosi. Mwaka huu sijaona hata jani.

Halafu, huyo Batoul anafika mlango wa ngapi? Maana mlango wa saba ni kinyozi, na baada ya kinyozi ni kona ya muuza mnanaa, pale Baba Abdeslam alipoanguka. Mtaa hauna njia nyingine ya kutokea. Naijua mimi, na Batoul anaijua.

Kuhusu muhuri, nimemuuliza bosi wangu, Bwana Sekkat. Kasema sheria ni wino halisi. Nimemwambia sheria hiyo ni ya zamani, akasema hata yeye ni wa zamani.

Mwanao,
Munsif


Tétouan, 29 Machi

Munsif,

Idi njema kwenu nyote, na mwili uendelee kuwa na afya. Hapa tumekula vizuri. Paka wawili nimegawa. Barua yako nimeipa nne, kwa sababu imejaa maswali na mwanafunzi hamuulizi mwalimu maswali ya aina hiyo.

Chai ilikuwa ya mdalasini. Watu hubadilisha ladha. Unataka nishtakiwe?

Sasa sikiliza habari za muhuri, ucheke, maana mimi na Batoul tumelia. Kikao cha tatu Batoul kamwambia daktari, "Mwanangu, gonga muhuri wako kwenye kioo cha simu, na mimi huku nitabandika fomu kwa nguvu." Daktari kwa adabu yake kagonga. Batoul kabandika fomu, kaikandamiza kwa kiganja na kisha kwa pasi, ya uvuguvugu tu. Fomu haikupata muhuri, na simu siku mbili ikawa inaonyesha watu wote rangi ya biringani.

Daktari akatuma picha ya muhuri. Mtoto wa duka la picha kaja nayo imechapishwa, nyeusi kama masizi, sheria yenu inasema hapana. Basi kinyozi akasema yeye ana shemeji bucha, na bucha lina muhuri wa wino halisi, tena wa serikali. Nisingekubali, lakini Batoul ni mtu wa haraka. Kwa hiyo fomu ya kikao cha nne imekuja kwenu na muhuri unaosema "Nyama Imekaguliwa". Nakuomba uitupe kabla Bwana Sekkat hajaiona.

Fomu zenyewe, kwa bahati mbaya, zimejazwa jina langu. Batoul ana mwandiko mbaya nikamwandikia, na mkono ukazoea.

Batoul alifika mlango wa saba. Alisimama kwa kinyozi dakika nzima. Kisha akageuka akakimbia mpaka nyumbani, na alipofika ndani akakuta ameshika taulo la kinyozi, na kinyozi yuko nyuma yake na mteja mwenye povu shingoni. Aibu yake mimi nimeiona kwa macho yangu.

Ameamua vikao vitano vinatosha. Mia tatu mara tano ni pesa ya kondoo mzuri kasoro mkia, bima hairudishi hata senti kwa ajili ya wino, basi kasema amepona. Anayesema amepona amepona.

Na harusi, mwanangu, usinisubiri. Goti la kushoto limekuwa baya sana. Nitakuombea kutoka hapa, dua haihitaji nauli.

Zhor


Casablanca, 15 Aprili

Shangazi,

Salamu. Sote wazima.

Januari goti lilikuwa la kulia.

Siandiki kukutania. Nimekasirika, na nimeumia, na naona bora niseme kuliko kukaa nacho. Miaka yote hii hujawahi kukosa siku yangu hata moja. Nilipofeli mtihani wa mwisho ulikuja Casablanca na gari la vitunguu ukanikuta nimejifungia, ukaninyooshea shati, ukanipeleka kuurudia. Sasa nikiingia ukumbini watu mia tatu wataniangalia kushoto kwangu kama kuna mtu, na hatakuwepo. Nimemwambia Wiam sitamweka mwingine. Nafasi itabaki wazi, nitanyoosha mkono hivyohivyo kama mjinga.

Mwambie Batoul asiseme amepona. Ana vikao vitano bado. Fomu zake zote zilizopita azitume tena, bila ile ya bucha. Hiyo ya bucha Bwana Sekkat ameshaiona. Ameibandika ukutani.

Mwanao,
Munsif


Casablanca, 4 Mei

KITENGO CHA MADAI
Kwa Bibi Zhor, mjane wa Marehemu Abdeslam, Tétouan

Bibi,

Kuhusu madai yako ya vikao vitano vya tiba ya maongezi kwa njia ya simu, tunasikitika kukujulisha kwamba yamekataliwa. Kitengo kina mashaka kama mdai yuko hai. Ili madai yafikiriwe upya, mdai atafika yeye mwenyewe, kwa miguu yake, katika kaunta namba nne ya ofisi yetu ya Casablanca, kabla ya saa nane mchana tarehe 18 Juni. Mwakilishi hakubaliwi. Jirani hakubaliwi.

Aidha, karani wa kaunta namba nne ameona kwamba fomu zimeandikwa kwa mwandiko wa kuku, na anashauri mdai apelekwe shule.

Kwa heshima,
Karani


Tétouan, 10 Mei

Munsif!

Salamu baadaye. Nimeambatanisha nakala ya barua ya kampuni yenu, isome ukiwa umekaa.

Mwandiko wa kuku? Mimi? Mimi niliyeandika mabango ya shule nzima, mimi ambaye mkaguzi wa elimu aliomba ubao usifutwe wiki moja ili awaonyeshe walimu wa Tangier? Huyo karani ni nani? Mtoto wa nani? Mama yake anajua anavyoandikia watu wazima? Na eti nisafiri mpaka Casablanca ndipo waamini! Mashaka kama niko hai! Waulize hao waliosikia sauti yangu asubuhi ya leo, kinyozi ameifunga redio yake akidhani ni mtangazaji.

Nakutaka uende kwenye hiyo kaunta namba nne umshike sikio. La sivyo niambie jina lake.

Nimewasha simu nikampigia Daktari Ghizlane bila miadi. Nimemwambia, "Daktari, nimetukanwa." Akasema, "Sema mama, nakusikiliza." Nimesema dakika sabini. Kakubali kuhesabu kikao kimoja.

Nijibu haraka.

Zhor
(Batoul naye amekasirika.)


Casablanca, 19 Mei

Shangazi,

Nabusu mikono. Nimelifuatilia jambo lako. Kwa bahati mbaya sina uwezo. Karani wa kaunta namba nne ni mtu katili sana, kila mtu hapa anamwogopa, hata Bwana Sekkat hupita mbali. Nimemwambia huyo ni shangazi yangu, akanijibu, "Basi ndiyo maana na wewe unaandika hivyo."

Nilitaka kumjibu lakini nikasema, mwenye jambo ni mwenyewe. Mimi ningekuwa wewe ningeliacha tu. Wewe una goti.

Wazima sote. Viatu nimebadilisha.

Mwanao,
Munsif


Casablanca, 18 Juni, saa sita na robo mchana

Mwanangu Munsif,

Salamu zangu zikufikie kutoka hatua ishirini na mbili mbele ya meza yako. Nimekaa kwenye benchi la ukumbi wa wageni wa ofisi yenu, chini ya feni isiyozunguka. Msichana wa mapokezi kaniambia umetoka kwenda kula na kuswali, utarudi saa nane. Nimeomba karatasi. Kalamu ninayo, nyekundu.

Nimeuliza kaunta namba nne iko wapi. Msichana kaniangalia kwa huruma. Kasema, "Bibi, kaunta ziko tatu."

Nimemwambia najua, mwanangu. Mwandishi wa ile barua kavuta mikia ya herufi mpaka imeingia kwenye neno la jirani. Nilijua tangu siku ya kwanza, kabla sijamaliza mstari wa pili. Ile hasira yote niliyokuandikia ilikuwa ya kweli, na aliyelengwa ulikuwa wewe. "Mtoto wa nani", nilijua vizuri ni mtoto wa nani. Ni wangu.

Msichana akaniangalizia kwenye kompyuta. Kumbe vikao vyote vitano vililipwa tangu tarehe tano Mei, siku moja baada ya wewe kunitangazia kifo. Anasema fomu zenye muhuri wa wino zililetwa na posta kutoka Rabat, kwa sababu karani Munsif alimwandikia daktari akamwomba agonge fomu nyingine azitume kwa bahasha. Kwa bahasha! Miezi minne nimehangaika na kioo, nimeipiga simu pasi, nimeomba msaada bucha, na hakuna aliyekumbuka kwamba kuna posta. Na sisi hapa tunaandikiana barua! Pesa ziko benki zinanisubiri, na benki iko upande wa pili wa kona, kwa hiyo sikujua.

Sasa nitakwambia lile nisilokwambia. Nimelisema mara moja tu, kwa Daktari Ghizlane, siku ile nilipompigia nikiwa na hasira. Nilianza kumtukana karani, na dakika ya hamsini nikajisikia namzungumzia Abdeslam.

Siku ile alikuwa ameshafika nyumbani. Ameshavua viatu. Nikafungua kikapu nikaona nyanya, nikaona mkate, sikuona mnanaa. Nikamwambia, "Chai bila mnanaa ni maji ya kuoshea vyombo, rudi." Alikuwa amechoka, Munsif, nilimwona kwamba amechoka. Nikamrudisha. Mimi ndiye niliyemrudisha kwenye ile kona.

Daktari akaniuliza, "Alitoka amenuna?" Nikasema hapana. Alitoka anapiga mluzi, akanitania kwamba siku moja ataoa mke anayekunywa kahawa. Daktari akasema, "Basi mama, huyo hakutoka kama mtu aliyefukuzwa." Nikalia mpaka paka akatoka chumbani. Halafu nikampa chai ya mdalasini na safari hii hakubisha, aliinua kikombe chake cha kahawa kule Rabat tukanywa pamoja.

Tumefanya vikao vinne vingine baada ya hapo. Imetimia kumi, na msichana anasema kila fomu imewafikia kwa posta na muhuri wake. Umebakiza kulipa hizo tano, usijifanye umesahau.

Leo nimetoka baada ya swala ya alfajiri. Mlango wa saba kinyozi alikuwa hajafungua, nimemwekea taulo lake limefuliwa. Kwenye kona nilisimama. Sitakudanganya, nilisimama muda mrefu nimeshika ukuta. Muuza mnanaa, yule mzee Hmidou, hakusema pole wala nini. Kaniambia tu, "Lalla Zhor, deni la Abdeslam la fungu moja bado unalo, alichukua hakulipa." Nimemlipa. Kisha nikanunua fungu lingine, nikapanda basi la Larbi, na njia nzima nimelibana mapajani asije akadai ni mtikisiko.

Ninalo hapa. Limeanza kunyauka kidogo kwa sababu ya feni yenu. Wiam akanipashie maji, kesho kutwa nina kazi ya kukushika mkono, na nataka ninywe chai kwanza. Magoti yote mawili ni mazima.

Barua yako ya kaunta nne ninayo kwenye mkoba, nimeisahihisha. Nimekupa tisa. Moja nimeikata kwa ajili ya kuku.

Shangazi yako,
Zhor

Tena, Batoul anakusalimu. Nilimwambia twende wote harusini, akakataa. Amesema yeye hana tatizo lolote.